Ukitangaza Jumla, Umeahidi Jumla

Maneno haya niliyasema mjini Mtwara mbele ya mafundi wa mitandao na maofisa TEHAMA wa mikoa ya Lindi na Mtwara, pamoja na wanafunzi waliofuatana na walimu wao. Wenzetu kadhaa, hasa wa Liwale na Kilwa, hawakuweza kufika, wakaomba niyaandike yote. Nimeyaacha kama yalivyosemwa. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiondoa, na pale nilipokuwa nikiinyooshea kidole nimeongeza maneno machache ili msomaji asipotee.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, maofisa TEHAMA, mafundi wenzangu, na ninyi vijana wetu mlioketi nyuma: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mtwara kuchele!

Ahsanteni kwa kuitikia. Nimepewa saa moja kabla ya chakula, nami sijapata kumwona mzungumzaji aliyeshindana na harufu ya wali wa nazi akashinda, kwa hiyo naingia moja kwa moja katika jambo lililonileta: muhtasari wa njia katika itifaki zile, yaani kanuni za mazungumzo, ambazo kwazo ruta, vifaa vinavyopeleka data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, hupeana habari kwa umbali na uelekeo: RIP na jamaa zake.

Ni nani hapa hajawahi kupanda basi la kuja huku akiwa Mbagala? Mpiga debe husimama mlangoni akapaza sauti: "Kusini! Kusini! Lindi, Mtwara, Masasi!" Hamtaji Ndanda. Hamtaji Mahuta. Hamtaji Kitangari, wala kile kijiji chako ambacho hata kwenye ramani hakimo. Je, amewadanganya abiria? Hajawadanganya. Mtu wa Ndanda anajua kwamba Ndanda imo ndani ya neno "Masasi", naye hupanda bila wasiwasi, kwa sababu kwa aliyeko Mbagala barabara ya kwenda Ndanda na ya kwenda Masasi ni ile ile moja. Tofauti itaanza kuwa na maana mbele ya safari, pale Mnazi Mmoja, Mingoyo, njia zinapoachana. Kabla ya hapo, kumtajia mtu kila kijiji ni kumpigia kelele.

Muhtasari wa njia ni kazi hiyo hiyo. Ruta ya Masasi yenye mitandao 10.20.16.0, 10.20.17.0, 10.20.18.0 na 10.20.19.0, kila mmoja ukiwa na maski ya biti 24, maana yake biti 24 za mwanzo za anwani ndizo zinazoutambulisha mtandao, inaweza kuitangazia dunia njia nne. Au inaweza kusema neno moja tu, 10.20.16.0 kwa maski ya biti 22, na neno hilo likawabeba wote wanne. Ukiziandika namba za tatu, 16, 17, 18 na 19, kwa tarakimu za kompyuta, yaani sifuri na moja, utaona biti sita za mwanzo ni zile zile, 000100, na zinazobadilika ni mbili za mwisho peke yake. Biti 16 za namba mbili za mbele ukijumlisha na hizo sita, unapata 22. Hesabu ni hiyo, na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Kilichonileta hapa si hesabu. Kilichonileta ni kwamba anayetangaza jumla ameahidi jumla, na ahadi, ndugu zangu, ni deni.

Kwanza tuelewane juu ya tabia ya itifaki hizi. Ruta ya RIP haina ramani. Nilipokuwa kijana nilipanda kwa miguu kwenda Newala kwa njia za vichochoroni, na kila mzee niliyemuuliza alinijibu kwa namna moja: "Shika njia hii, si mbali, ukifika kwenye mwembe mkubwa uliza tena." Hakuna hata mmoja aliyenichorea safari nzima. Kila mmoja alijua mambo mawili, uelekeo na kadirio la umbali, na hata hayo alikuwa ameyapokea kwa jirani yake. Nilifika. Hesabu iliyo nyuma ya utaratibu huo hupewa majina ya Lester Ford na Richard Bellman, waliouandika katika miaka ya 1950. Mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, ulianza nao mwaka 1969. Na RIP ikaandikwa rasmi na Charles Hedrick mwaka 1988. Kila sekunde 30 ruta humwambia jirani yake: "Mtandao fulani uko kwangu, umbali wake ni hatua kadhaa." Kila ruta inayopitwa ni hatua moja. Hatua 15 ndiyo mwisho wa safari, na 16 maana yake ni kwamba huko hakufikiki.

Sasa angalieni jambo linalozaliwa na tabia hiyo, maana vitabu vingi hulipita haraka. Katika itifaki za aina ya OSPF, ambako kila ruta ya eneo moja inashika ramani ile ile, huwezi kufupisha njia popote upendapo. Unafupisha mpakani mwa maeneo, kwa sababu ukificha mtaa mmoja katikati ya eneo, ramani za watu hazitalingana tena. Lakini katika RIP, na katika EIGRP, jamaa yake iliyobuniwa na Cisco, kampuni ya kutengeneza ruta, hakuna ramani ya kulinganisha. Ninachomwambia jirani ni simulizi yangu mwenyewe, na simulizi yangu naweza kuifupisha nikiwa Masasi, nikiwa Mtama, nikiwa Lindi, kwenye intafesi yoyote niitakayo, yaani kiungio chochote cha ruta, nikamwambia jirani wa kushoto kwa kirefu na wa kulia kwa kifupi. Ni uhuru mkubwa sana. Na penye uhuru mkubwa namna hiyo hakuna wa kukuzuia usikosee.

Faida zake ni zipi? Tuhesabu pamoja. Ujumbe mmoja wa RIP hubeba njia zisizozidi 25. Kila njia ni baiti 20, na ujumbe wenyewe una kichwa cha baiti 4. Mtandao wenye njia 60 unahitaji jumbe tatu, baiti 1,212 kila nusu dakika, bila kuhesabu vichwa vya UDP na IP, zile bahasha zinazoubeba ujumbe. Zifupishe njia hizo ziwe tatu, nawe una ujumbe mmoja wa baiti 64. Wakati tulipokuwa tukitegemea setilaiti na kulipia kila kilichopita, hesabu hii ilikuwa fedha. Leo faiba imefika, na nikiwaambia nimewaokolea baiti elfu moja mtanicheka, tena kwa haki.

Kwa hiyo hoja yangu si baiti. Hoja yangu ni utulivu. Katika taasisi moja niliyoitumikia tulikuwa na kituo cha mashambani ambako umeme ulikatika mchana na usiku, na betri ya pale ilikuwa imekwisha kufa siku nyingi. Swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, ikizimika, ruta ya pale inatangaza papo hapo kwamba mtandao wake umefikia 16. Masasi inapokea, inaiambia Mtwara. Mtwara inaiambia Lindi. Lindi inaiambia Dar es Salaam. Umeme ukirudi, habari inaanza safari upya kwa furaha. Siku ya mvua nilihesabu mizunguko hiyo hadi nikachoka. Na ikitokea habari mbaya imepishana njiani na habari nzuri ya zamani, ruta mbili huanza kudanganyana, huyu akisema "nimesikia kwako ni hatua tatu, basi kwangu ni nne," na mwenzake akijibu "kama kwako ni nne, kwangu ni tano," hadi zinagonga 16. Kanuni ya kutomrudishia jirani habari aliyokupa yeye hupunguza ugonjwa huo, lakini ruta zikiwa tatu kwenye mzunguko haiuponyi.

Nawauliza: kwa nini mtu wa Kilwa Masoko aambiwe kwamba swichi moja ya Nanyumbu imezimika? Atafanya nini na habari hiyo? Tulipoweka muhtasari pale Masasi, habari za kituo kile ziliishia Masasi. Muhtasari hubaki umesimama maadamu kuna mtandao mmoja ulio hai ndani yake, na hufutika pale tu wa mwisho anapofutika. Mkoa mzima ukatulia. Aliyeendelea kuhangaika ni fundi wa Masasi, ambaye ndiye aliyepaswa kuhangaika.

Lakini hamwezi kufupisha kisicho na mpangilio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naamini walikuwa wakifikiria anwani za IP. Kuna ofisi niliyoitwa kuisaidia, nikaomba daftari la anwani, nikaonyeshwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati. Aliyeomba kwanza alipewa 16, aliyefuata 17, aliyefuata 18, kama foleni ya maji bombani. Matokeo yake 16 ilikuwa Masasi, 17 Lindi, 18 Newala, 19 Lindi tena, 20 Masasi. Ni nani kati yenu anaweza kufupisha hapo? Fikirieni ghala la korosho ambamo magunia ya vyama vyote vya msingi yamerundikwa kwa kufuata saa lori lilipoingia, bila kujali ni ya nani. Siku ya mnada utahesabu gunia moja moja.

Tulianza upya, na nilichowapendekezea ndicho ninachowapendekezea ninyi: fuateni ardhi. Mtwara mjini ikapewa 10.20.0.0 kwa maski ya biti 20, yaani namba ya tatu kuanzia 0 hadi 15. Masasi ikaanza 16 hadi 31. Newala 32 hadi 47. Tandahimba 48 hadi 63. Mtaona kwamba mafungu yote manne yanaingia ndani ya 10.20.0.0 kwa biti 18, hivyo Lindi ikihitaji kuujua mkoa wa Mtwara inahitaji mstari mmoja tu, na Lindi yenyewe tukaianzishia 64. Kazi ya kubadilisha anwani ilikula siku zote za mapumziko za mwezi mzima, na kuna mashine ya kuchapa ya mhasibu ambayo hadi leo mimi ndiye ninayelaumiwa juu yake. Nakubali lawama. Mpango ungetangulia, mashine ile isingeguswa.

Na mchunge mipaka ya fungu. Mtu akiwa na 17, 18, 19 na 20 huona namba nne zinazofuatana akadhani zinafupishika kama 16 hadi 19. Hazifupishiki hivyo. Biti zinazofanana ni tano tu, na muhtasari mdogo kabisa unaozikusanya ni wa biti 21, unaoanzia 16 na kuishia 23. Huyo ana mitandao minne na ameahidi minane. Ile mingine minne ni ya nani? Ikiwa ni ya jirani, ameuza shamba la watu.

Hapo sasa ndipo nataka tukae kidogo, kwenye ahadi zinazotolewa bila mtu kujua kwamba ameahidi. Anwani za kale ziligawanywa kwa madaraja: daraja A biti 8, B biti 16, C biti 24. Toleo la kwanza la RIP halikubeba maski kabisa katika matangazo yake. Aliyepokea alitazama namba ya kwanza akakisia daraja. Mwaka 1993 dunia iliachana rasmi na madaraja hayo, na toleo la pili la RIP, ambalo Gary Malkin aliliandika na ambalo maelezo yake yaliyokamilika ni ya mwaka 1998, likaanza kubeba maski. Hata hivyo vifaa vingi viliendelea na tabia ya zamani ya kufupisha vyenyewe, bila kuagizwa, kila tangazo linapovuka mpaka wa daraja. Wa Cisco ndio mnaowajua zaidi. RIP yao hufanya hivyo usipoizuia, na EIGRP yao nayo ilifanya hivyo kwa miaka mingi hadi toleo la 15 la programu endeshi yao.

Lilinikuta hili nikiwa kijana, katika taasisi ambayo sitaitaja. Ofisi ya Lindi ilitumia 172.16.1.0, ofisi ya Mtwara ikatumia 172.16.2.0, zote kwa maski ya biti 24, na katikati tulikuwa na ruta ya makutano iliyounganishwa na kila upande kwa vipande vya 192.168.5.0. Kwenye karatasi ilipendeza. Tukawasha. Kompyuta moja ya makutano ikawa inaipata seva ya Mtwara bila tatizo. Ya jirani yake, meza ile ile, swichi ile ile, haipati. Asubuhi ya pili zikabadilishana. Mama mmoja wa masijala akasema wazi kwamba mtandao huu una majini, na kwa siku mbili sikuwa na maelezo bora kuliko yake.

Kulikuwa na nini? Tangazo la Lindi lilipotoka kwenye 172.16 kuingia kwenye 192.168, lilivuka mpaka wa daraja, na ruta ikafupisha yenyewe: "172.16.0.0 yote, biti 16, iko kwangu." Mtwara nayo, kwa sababu ile ile: "172.16.0.0 yote iko kwangu." Ruta ya makutano ikapokea ahadi mbili za kitu kimoja, kila moja umbali wa hatua 1, ikafanya linalofanywa na ruta yoyote yenye njia mbili zilizo sawa: ikagawa mzigo. Safari nyingine za kwenda Mtwara zikapelekwa Lindi, zikafia huko. Pande zote mbili ziliahidi jumla, na kila upande ulikuwa na nusu yake. Nilipolifungua jedwali la njia na kuuona mstari mmoja wenye vichwa viwili, nilicheka peke yangu chumbani. Dawa yake ilikuwa agizo la mstari mmoja la kuzima ufupishaji wa moja kwa moja. Siku mbili, mstari mmoja. Kwa hiyo ukipokea ruta ambayo hukuisanidi wewe, usiulize kwanza nywila ya Wi-Fi. Uliza kama inafupisha yenyewe.

Ahadi ya pili ni ile unayoitoa kwa kujua, lakini huna cha kuitimizia. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, aliwahi kutuma kutoka Mtwara kifurushi cha pweza mkavu kwa mdogo wake, kijiji kimoja mbele ya Mahuta. Wakala wa basi akaandika juu yake "Tandahimba", kwa sababu vyote vya upande ule huitwa Tandahimba. Kikafika Tandahimba. Wakala wa kule akatafuta gari la kijiji kile, hakuna. Na utaratibu wake ulikuwa kwamba kisichojulikana pa kupelekwa kirudishwe Mtwara. Kikarudi Mtwara. Wakala wa Mtwara akasoma "Tandahimba", akakipakia tena. Je, nani kati yao alikosea? Kila mmoja alifuata kanuni yake kwa uaminifu kabisa. Pweza yule alikwenda na kurudi mara tatu, hadi utingo mmoja akakataa kukaa naye ndani ya gari.

Ndivyo nilivyoifanya Masasi. Ruta ya Masasi ilikuwa ikitangaza 10.20.16.0 kwa biti 20, fungu la mitandao 16, huku iliyokuwa na watu ni mitano. Na kwa yote isiyoyajua ilikuwa na njia ya kawaida ya kurudisha Mtwara. Siku moja kompyuta iliyoingiwa na kirusi pale Mtwara ikaanza kubisha hodi kwenye kila anwani ya fungu zima. Paketi, yaani kifurushi cha data, ya kwenda 10.20.27.9 inafika kwenye ruta ya Mtwara. Mtwara inasema hiyo ni ya Masasi. Masasi inatazama, 27 haimo, inairudisha Mtwara. Mtwara inasema hiyo ni ya Masasi. Paketi zilizotoka kwenye Windows huanza na pumzi 128, na kila ruta inayozipitisha hupunguza moja. Kwa hiyo kila hodi ya kirusi ilivuka kiungo kile zaidi ya mara mia moja kabla ya kukata roho. Kiungo kikajaa. Mhasibu hawezi kutuma, meneja anapiga simu, nami natafuta kebo iliyokatika wakati hakuna kebo iliyokatika.

Tiba yake ni kuchimba shimo kwa makusudi. Anayetangaza fungu zima anaweka kwake mwenyewe njia ya fungu hilo hilo inayoelekea kutupwa. Msishtuke. Ruta huchagua daima njia yenye maski ndefu zaidi. Kwa hiyo mtandao 18 ukiwepo, mstari wake wa biti 24 utashinda, na paketi itafika nyumbani. Ule usiokuwepo ndio utaangukia kwenye mstari wa biti 20 na kutupwa pale pale, bila kurudishwa kwa mtu. EIGRP huliweka shimo hilo yenyewe kila unapoagiza muhtasari. Kwenye RIP msiitegemee. Liwekeni kwa mkono, na mliandike kwenye daftari ili atakayewafuata asilifute akidhani ni takataka.

Nikigusia kwa kifupi: katika vifaa vya Cisco, RIP haikubali muhtasari mpana kuliko daraja la anwani. Mitandao ya 192.168 yenye biti 24 hutaikusanya ikawa ya biti 16 huko. Ndiyo maana nawahimiza mpange ndani ya 10, ambako daraja lenyewe ni biti 8 na nafasi ya kufupisha ni pana.

Sasa nije kwenye kile ambacho muhtasari hukificha na pengine ungetaka kukijua. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, wilayani Kilwa. Neno "Kusini" halikufutika kwenye mbao za mabasi siku ile. Aliyeangalia ubao aliona safari ipo. Aliyekwama kando ya maji ndiye aliyejua. Muhtasari ni ubao huo. Mtandao mmoja ukifa ndani ya fungu, walio mbali wataendelea kutuma, na paketi zitafia mlangoni kwa aliyefupisha. Hilo naliona ni bei ya haki, maana hata wangejua wasingekuwa na njia nyingine.

Bei inakuwa si ya haki pale njia nyingine inapokuwepo. Masasi inafikika kutoka Mtwara kwa barabara mbili, kupitia Mnazi Mmoja na kupitia Newala. Tuseme mtandao wenu nao una milango miwili hivyo, na ruta mbili za milangoni zinatangaza fungu lile lile. Mlango mmoja ukipoteza kebo yake ya kuingia kwenye nusu ya fungu, bado utaendelea kuahidi fungu zima kwa sababu nusu nyingine iko hai, na wanaouona kuwa wa karibu wataendelea kuuingia. Huo ndio msiba wa Lindi na Mtwara umerudi na kanzu mpya. Kama mna milango miwili, wekeni kiungo kati ya milango hiyo, ndani ya fungu, kinachobeba njia kwa kirefu, ili aliyepokea kisicho chake ampe mwenzake. Na ikiwa kuna mtandao mmoja ambao lazima upite mlango fulani, seva ya malipo kwa mfano, utangazeni peke yake kando ya muhtasari. Maski yake ndefu itashinda.

Umbali nao hufichika. EIGRP huipa njia ya jumla kipimo cha mwanachama aliye karibu kuliko wote. Mwanachama huyo akizimika, kipimo hubadilika, na tangazo jipya huenda mbali, hivyo ule utulivu mliounyamazishia njia zote mnaupoteza kwa mlango wa nyuma. Fungeni kipimo kwa namba isiyobadilika, au wekeni ndani ya fungu mtandao wa intafesi isiyo na kebo, ambayo haizimiki mpaka ruta yenyewe izimike.

Kuhusu EIGRP nina jambo moja zaidi, na wa Nachingwea mlioniuliza jana jioni mnalisubiri. Itifaki hiyo ikipoteza njia na haina ya akiba, huuliza majirani. Nao wasiojua huuliza majirani zao. Na aliyeuliza kwanza hawezi kuendelea hadi wote wamejibu. Kwa kawaida akingoja dakika tatu bila jibu, humkatia urafiki jirani aliyenyamaza, na sasa tatizo la kijiji limekuwa la mkoa. Mnamkumbuka mjumbe wa nyumba kumi? Mgeni akija na swali kuhusu nyumba ya saba, swali huishia kwa mjumbe, halizungushwi mtaa mzima. Muhtasari ndiye mjumbe. Ruta iliyopewa jumla peke yake, ikiulizwa juu ya mtandao mmoja wa ndani, hujibu papo hapo, "huyo simjui kwa jina," na swali linakomea hapo. Mitandao mikubwa ya EIGRP niliyoiona ikianguka, mara nyingi haikuangushwa na hitilafu yenyewe. Iliangushwa na maswali.

Nimemaliza kuzungumza, lakini hatujamaliza. Kwenye meza ile kuna ruta tano, nimezipa majina ya Newala, Tandahimba, Masasi, Mtwara na Lindi, na anwani zake ni zile nilizowatajia. Masasi, Newala na Tandahimba kila moja inatangaza fungu lake kwa biti 20, Mtwara inaitangazia Lindi mkoa mzima kwa mstari mmoja wa biti 18, na mashimo yamechimbwa. Skrini ya kushoto inaonyesha jedwali la Lindi, ya kulia la Newala. Newala ina mitandao miwili iliyo hai, na mmoja wao ni kebo ya buluu. Nataka mmoja wenu aje kuichomoa, wengine mkazie macho skrini ya kushoto kwa dakika nzima, kisha mniambie mmeona nini. Haya, kijana mwenye shati la kijani, njoo wewe.